Maji Peke Yake Hayatoshi: Kiu, Chumvi na Baiskeli Kati ya Kilwa na Lindi

Kutoka Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya kusini, hadi Lindi mjini ni kiasi cha kilometa 150. Mwenye baiskeli ya gia na miguu iliyozoea safari huzimaliza kwa saa saba au nane. Mwenye Phoenix ya chuma na mzigo kwenye keria huzigawa kwa siku mbili, akalala Kiranjeranje au Mbwemkuru. Wote wawili hupita vipande virefu vya msitu, mikorosho na mashamba ya ufuta ambako hakuna genge wala duka, na jua la kusini halibagui mwenye helmeti na mwenye barakashia.

Swali langu ni moja: mtu huyu anywe nini, kiasi gani, na ndani yake mwe na nini? Jibu linalotolewa karibu kila mahali ni kwamba anywe maji mengi. Naliona jibu hilo kuwa pungufu kwa wengi na la hatari kwa baadhi. Pwani hii inaanika chumvi yake yenyewe na kuangua madafu yake yenyewe. Jibu bora lingeweza kutengenezwa hapahapa, kwa fedha isiyozidi nauli ya bodaboda.

Mchezo wenyewe umeshaingia kwetu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267.5, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Hapa nyumbani msafara wa Twende Butiama umewazoesha Watanzania kuona raia wa kawaida wakitoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere. Lakini bingwa wa Kigali ana gari nyuma yake, lenye chupa za baridi zilizopimwa gramu kwa gramu. Mchuuzi wa samaki anayetoka Kilwa Kivinje alfajiri na tenga mgongoni mwa baiskeli hana. Wala hana mbeba mkaa, wala kijana anayepeleka magunia ya chumvi bara. Hawa hawajiiti wanamichezo na hakuna anayewaandikia ratiba ya kunywa, lakini jasho lao linafuata kanuni zilezile, na ndio waendesha baiskeli wa masafa marefu walio wengi katika mkoa huu. Nikiandika "mwendesha baiskeli" hapa chini, nawakusudia wao kwanza.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo linaloamua yote yanayofuata. Misuli ya mguu hugeuza robo tu, au chini ya robo, ya nishati inayoitumia kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto. Anayekanyaga pedali kwa nguvu ya wati 150, ambao ni mwendo wa kawaida wa safari ndefu, anazalisha ndani ya mwili wake joto la wati 500 hivi. Joto hilo lina mlango mmoja mkubwa wa kutokea, nao ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoka na kilojuli 2,400 hivi, kwa hiyo mtu huyu anahitaji kukausha robo tatu ya lita kila saa ili mwili usizidi kupanda joto. Kinachopooza ni kukauka, si kutoka. Jasho linalodondoka juu ya usukani na kulowesha shati limeshachukua maji na chumvi ya mwili bila kulipa chochote.

Hapo ndipo pwani inapomwonea mtu. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya Kilwa na Lindi imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halina pa kwenda. Mwili ukiona haujapoa, unaongeza jasho, na lile nalo linadondoka. Mtu wa Dodoma hupoteza jasho asilolionea dalili kwa sababu hewa kavu hulinyakua mara moja. Wa Lindi analiona lote likimmiminikia na bado anaungua.

Upepo nao una lake, na jambo hili sijaona likisemwa vya kutosha. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, anayeelekea Lindi kutoka Nangurukuru anaupata upepo usoni. Analalamika, anachoka, anachelewa kufika. Lakini hewa inayompita ni ya kasi na ni ya baridi kidogo, na jasho lake linakauka. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Upepo unamsukuma toka nyuma, baiskeli inateleza, mtu anafurahi. Ila mwendo wake ukikaribiana na mwendo wa upepo, hewa inayomgusa inakuwa kama imesimama. Anaendesha ndani ya joto lake mwenyewe, katika miezi yenye joto kali kuliko yote. Ndiyo maana safari inayoonekana nyepesi ya Januari inaweza kumwangusha mtu aliyeimaliza safari ngumu ya Agosti bila tatizo. Anayepanga kiasi cha maji kwa kuangalia kilometa peke yake, bila kuuliza ni msimu gani na upepo unatoka wapi, amepanga nusu ya safari.

Saa nazo zinahesabika. Aliyekwisha kuwa njiani saa 11 alfajiri na akajificha kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri ameokoa lita kadhaa za jasho, na hakuna kinywaji kinachoshinda hilo. Wachuuzi wa Kivinje wanalijua zamani. Watalii wa baiskeli na vijana wa klabu za mjini ndio wanaoanza safari baada ya kifungua kinywa.

Mwili pia hujifunza. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku kwa siku 10 hadi 14, majimaji ya damu yake huongezeka, jasho huanza mapema na kuwa jingi zaidi, na homoni ya aldosteroni huamuru tezi za jasho zirudishe sodiamu kabla haijatoka. Mchuuzi wa Kivinje, kwa hiyo, hupoteza chumvi kidogo kwa kila lita kuliko mgeni aliyeshuka jana kutoka Mbeya au Iringa. Mgeni huyo, hata awe bingwa huko juu, apewe wiki mbili kabla ya kujaribu barabara yote kwa siku moja.

Sasa maji yenyewe. Ushauri juu ya kunywa umeyumba sana katika miaka 60 iliyopita, na kuyumba huko kumeua watu pande zote mbili. Zamani wanariadha waliambiwa kunywa ni udhaifu. Katika Tour de France ya 1967, Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa kwenye mlima Mont Ventoux, siku ya joto kali, mwilini mwake mkiwa na dawa za kusisimua na pombe, katika enzi ambayo taratibu za mbio zilibana hata idadi ya chupa za maji. Baadaye upepo ukageuka. Mnamo 1965 Robert Cade na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida walikuwa wametengeneza Gatorade, na biashara ya vinywaji vya michezo ilipokua, ushauri ukawa kunywa kabla ya kiu, kunywa kadiri tumbo linavyopokea. Daktari wa Afrika Kusini, Tim Noakes, aliripoti mwaka 1985 wanamichezo wanne wa masafa marefu walioumwa si kwa kukosa maji bali kwa kuyazidisha. Wengi hawakumsikiliza. Kisha katika mbio za marathoni za Boston za 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, na asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Dalili iliyowatambulisha zaidi ilikuwa kwamba walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Hali hiyo huitwa haiponatremia. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina sodiamu ya milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Mtu akinywa maji matupu mengi kuliko anavyoyatoa, na figo zikiwa zimeamriwa na mwili uliochoka kuyashikilia, sodiamu huzimuliwa. Maji huingia ndani ya chembe hai, na ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu, huvimba bila nafasi. Anayepatwa zaidi si yule wa mbele anayekwenda mbio. Ni yule wa nyuma, anayekwenda polepole kwa saa nyingi na kusimama kila penye maji. Ndiye mwanachama mpya wa klabu aliyeambiwa na kila mtu: kunywa, kunywa, usiache kunywa.

Kiasi sahihi basi ni kipi? Hakuna kiasi cha watu wote. Jasho la mtu mmoja kwa saa linaweza kuwa nusu lita na la mwenzake aliye pembeni yake lita moja na nusu. Kinachowezekana ni kila mtu kujipima, na kipimo chake ni mizani, ambayo ipo kwenye zahanati, kwenye duka la dawa na kwenye kila ghala la korosho. Jipime asubuhi kabla ya kuondoka, ukiwa umekojoa, na nguo chache. Jipime tena ukirudi, nguo zilezile, umejikausha. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji, kwa makadirio ya kutosha. Chukua mtu wa kilo 70 aliyeendesha saa tano, akanywa lita 3 na kurudi na kilo 68.6. Amepungua kilo 1.4, akanywa lita 3, kwa hiyo ametoa jasho lita 4.4, karibu lita 0.9 kwa saa. Ameshuka asilimia 2 ya uzito wake, na hapo wataalamu wengi ndipo wanapoweka mpaka, kwa kuwa chini ya hapo moyo huanza kwenda mbio na mwendo hushuka. Huyu amefanya vizuri. Aliyerudi na kilo 67 amekunywa kidogo mno. Aliyerudi na kilo 71 amejiweka hatarini, hata kama anajisikia mzima.

Kujipima mara moja kwenye kaskazi na mara moja kwenye kusi kunampa mtu nambari zake mwenyewe. Kwa siku nyingine zote, kiu ya mtu mzima mwenye afya ni kiongozi mzuri kuliko inavyosifiwa. Kasoro yake iko kwenye safari za zaidi ya saa tatu nne katika joto, ambako huchelewa kidogo, na barabara ya kusini ina kasoro ya ziada: kiu ikija katikati ya Mbwemkuru na Mchinga, chupa ikiwa imekauka, haina cha kuongoza. Hivyo hesabu ya chupa ifanyike kabla, kituo hadi kituo. Na kwa wengi tumbo halipitishi zaidi ya lita moja hivi kwa saa, kwa hiyo aliyekauka hawezi kufidia kwa kugugumia lita mbili akifika dukani. Zitakaa tumboni zikimchezea.

Nije kwenye chumvi. Lita moja ya jasho hubeba, kwa mtu wa wastani, gramu moja hivi ya sodiamu. Kwa wengine nusu ya hiyo, kwa wengine karibu mara mbili. Gramu moja ya sodiamu inatokana na gramu mbili na nusu za chumvi ya mezani. Aliyetoa lita sita za jasho kati ya Nangurukuru na Lindi ameacha barabarani gramu 15 za chumvi. Wenye jasho la chumvi nyingi wanajulikana: kofia na mgongo wa shati hubaki na michirizi myeupe, jicho huwasha, ngozi ya usoni ikikauka huparuza kama chenga za mchanga.

Si lazima zirudishwe zote njiani, kwa kuwa mwili una akiba na chakula cha jioni kipo. Ila kiasi fulani kirudi, kwa sababu mbili. Sodiamu huyashikilia maji mwilini; bila hiyo, sehemu kubwa ya unachokunywa huishia kichakani. Na sodiamu huiweka kiu hai, ilhali maji matupu huizima kabla deni halijalipwa. Chuo cha tiba ya michezo cha Marekani kilipendekeza mwaka 1996 gramu 0.5 hadi 0.7 za sodiamu kwa lita ya kinywaji katika mazoezi yanayozidi saa moja. Kwa vyombo vya jikoni kwetu hiyo ni robo ya kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa lita. Ladha yake ni hafifu. Ukiisikia chumvi waziwazi ulimini, umezidisha. Lakini lazima niseme jambo ambalo wauza vidonge vya chumvi hawalisemi: chumvi haimkingi anayekunywa maji kupita kiasi. Aliyezidisha lita mbili hataokolewa na kidonge. Kiasi cha maji kinatangulia, chumvi inafuata.

Na madafu? Hapa pwani nzima ina msimamo, na msimamo huo unastahili kuchunguzwa kwa heshima. Dafu ni safi likiwa halijapasuliwa, ni la baridi hata saa saba mchana, lina sukari kidogo isiyolemea tumbo, na kutoka Kivinje hadi Mchinga linapatikana kwa bei ambayo chupa ya kinywaji cha michezo haiwezi kuifikia. Mahali ambapo maji ya visima vingi yana chumvichumvi ya bahari na pengine vijidudu, kinywaji kilichofungwa na mti wenyewe si kitu kidogo. Wenye kuliita dafu dripu ya pwani wana sababu.

Ila madini yake yamekaa kinyume na jasho. Lita ya maji ya dafu ina gramu mbili hivi za potasiamu, mara nyingine zaidi, na sodiamu ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Jasho lina sodiamu gramu moja na potasiamu robo yake au chini. Yaani dafu linarudisha kwa wingi kile ambacho hakikupotea sana, na kwa uchache kile kilichopotea. Aliyekunywa madafu sita mchana kutwa bila chumvi yoyote yuko katika hali isiyotofautiana sana na aliyekunywa maji matupu, na tumbo la wengine hulegea. Dawa yake ni rahisi mno: chukua madafu mawili au matatu, yanayotosha lita moja, tia robo kijiko cha chumvi, kamulia ndimu. Hapo umepata kinywaji ambacho kwa madini yake kinashindana na chochote kinachoagizwa kutoka nje. Hukumu yangu juu ya dafu, basi, ni kwamba lenyewe ni nusu ya jibu, na nusu ya pili inaanikwa kwenye mashamba ya chumvi umbali mfupi kutoka mnazi huo huo. Mwenye ugonjwa wa figo asilifuate shauri hili, kwani potasiamu nyingi inaweza kuuvuruga moyo wake.

Asiye na madafu ana sukari. Sukari si ya nguvu peke yake. Utumbo una vijilango vinavyopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Robert Crane alieleza jambo hilo mjini Prague mwaka 1960. Kutokana nalo ikazaliwa ORS, dawa ya kunywa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu Dhaka mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis akaitumia kuokoa maelfu ya wakimbizi wa Bangladesh alipoishiwa dripu. Fomula ya Shirika la Afya Duniani tangu 2002 ina, kwa lita moja, gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti.

Mwendesha baiskeli aielewe pakiti hiyo vizuri. Imetengenezwa kwa mtu anayeharisha, ambaye anapoteza sodiamu nyingi kuliko anayetoka jasho, na ambaye hahitaji nguvu za kukanyaga pedali. Kwa hiyo ni yenye chumvi kuliko inavyohitajika barabarani, na sukari yake ni ndogo. Naiona kuwa na mahali pawili: jioni baada ya safari kwa aliyepungua sana uzito, na mfukoni kwa ajili ya dharura. Barabarani, kinywaji cha kutengeneza nyumbani kinaitosha safari: lita moja ya maji salama, vijiko 12 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, ambavyo ni gramu 50 hivi, robo kijiko cha chumvi, ndimu. Sukari ya dukani ni nusu glukosi nusu fruktosi, na mchanganyiko huo hupita njia mbili tofauti utumbuni, kwa hiyo hulisha misuli vizuri kuliko glukosi peke yake. Soda ina gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100 na karibu haina sodiamu. Ni nzito kunywa peke yake, lakini ikizimuliwa na maji na kutiwa chembe za chumvi inafaa. Na mtu asiyachanganye haya na tiba ya watoto: pakiti ya ORS ya mtoto anayeharisha huchanganywa kwa lita moja kamili kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Chakula nacho ni kinywaji kwa namna yake. Muhogo wa kukaanga wenye chumvi na pilipili, supu ya pweza, embe bichi lililochovywa kwenye chumvi: hivi vimekuwa vikirudisha sodiamu ya wasafiri wa pwani bila mtu kuviandikia makala. Anayesimama nusu saa Kiranjeranje akala chakula chenye chumvi na kunywa maji ya kawaida amefanya kazi ileile ya chupa iliyochanganywa.

Kuhusu misuli kukaza, nitasema kwa ufupi kwa sababu imani ni nyingi kuliko ushahidi. Wengi husema msuli umekaza kwa kukosa chumvi. Utafiti mwingi unaelekeza zaidi kwenye uchovu wa msuli wenyewe na mishipa ya fahamu inayouamuru. Jaribio la Marekani la 2010 lilionyesha kwamba maji ya achali yenye siki hufungua msuli uliokazwa kwa makusudi kwa umeme chini ya dakika moja na nusu, muda ambao hautoshi chumvi kufika kwenye damu. Inaelekea ukali wake kooni ndio unaotuma ujumbe. Kwa hiyo achali ya ndimu mfukoni ina maana, ila si kwa sababu inayodhaniwa. Na dawa ya kwanza inabaki kupunguza mwendo na kuunyoosha msuli.

Ramadhani ni sura peke yake katika pwani hii yenye Waislamu wengi, na ya 2026 imeangukia Februari na Machi, moyoni mwa kaskazi. Mchuuzi hawezi kusimamisha biashara mwezi mzima. Anachoweza ni kuhamisha saa: njia ndefu ifanywe baada ya daku na kumalizika kabla jua halijapanda, mzigo mzito uachiwe usiku baada ya futari. Kugugumia lita mbili za maji dakika za mwisho za daku hakusaidii, kwani figo huyatoa ndani ya saa chache. Maji yanayokaa ni yale yanayokwenda na chakula chenye chumvi na wanga: uji, mchuzi wa samaki, mihogo, tende. Wakati wa kufuturu, vikombe viwili vitatu kwa kupokezana na chakula, kisha endelea polepole mpaka usiku. Safari ya mbali ina ruhusa yake kisheria, na hilo ni la kumuuliza sheikh wako. Kizunguzungu na kuchanganyikiwa barabarani ni dharura, na mwili una haki yake.

Dharura zenyewe mbili hufanana, na kuzichanganya kunaua. Aliyezidiwa na joto ana mwili wa moto, anayumba, anaongea ovyo: mtoe juani, mvue, mwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, hata kabla ya kutafuta gari. Mwenye haiponatremia naye anaumwa kichwa, anatapika, anaongea ovyo, lakini mara nyingi mwili si wa moto, vidole vimevimba, tumbo limejaa, na wenzake watasema amekuwa akinywa njia nzima. Huyu ukimpa maji mengine unamsukuma kaburini. Asipewe maji matupu. Akiwa na fahamu apewe supu yenye chumvi kali au ORS nzito kwa mafunda madogo, na apelekwe hospitali. Kivinje kuna Hospitali ya Kinyonga, Lindi mjini kuna Sokoine, na kati yake ni barabara ndefu. Kabla ya kufungua chupa na kumpa mgonjwa, kila kiongozi wa msafara aulize kwanza: amekunywa kiasi gani?

Neno la tahadhari kwa wasioendesha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na shinikizo la damu limeshakuwa ugonjwa wa majumbani mwetu. Chumvi ninayoisema ni ya saa za jasho. Baiskeli ikishaegeshwa na mtu akishakula, hesabu hiyo imefungwa, na mwenye presha, kisukari au figo azungumze na daktari wake kabla ya kuifungua.

Kwa wanaoandaa misafara na mbio katika barabara hii, na kwa halmashauri za Kilwa na Lindi zinazowapa vibali, nina ombi. Kabla ya kuagiza fulana na mabango, nunueni mizani moja, katoni ya ORS, dawa ya kutibu maji na chumvi yenye madini joto; wapimeni watu wanapoondoka na wanapofika, na waambieni wa nyuma kwamba hawalazimiki kunywa kila wanaposimama. Wachuuzi wa Kivinje waalikwe siku hiyo na kufundishwa kipimo cha robo kijiko, kwa kuwa wao wataendesha kesho yake pia. Kilo moja ya chumvi inatengeneza zaidi ya lita 600 za kinywaji hiki.